Ua Unaotembea

Kiswahili kimelipa neno ua kazi mbili. Liko ua lichanualo mtini, lipendezalo macho na kuita nyuki, na wingi wake ni maua. Uko pia ua uzungukao nyumba, uzuiao mbuzi na mwizi, na wingi wake ni nyua. La kwanza hukaribisha, wa pili hukataza. Lakini katika sehemu zetu za Ruiru na Thika upo mti mmoja ufanyao kazi zote mbili, maana hupandwa uwe kizuizi, kisha ukatoa maua na matunda. Mti huo ni kayaba. Nataka kuutumia mti huu kuuliza swali ambalo kila mtu mwenye jirani hukutana nalo siku moja: mtu akipata faida kwa sababu jirani yake amezembea au ameshindwa, wala yeye mwenyewe hakunyosha mkono kuitwaa, je, faida hiyo ni halali yake?

Ili swali hili lisielee hewani, yatupasa kwanza kuujua mti wenyewe na mahali uotapo. Atokaye Nairobi kwa barabara kuu ya Thika, iliyopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, hufika Ruiru kwanza na Thika baadaye. Zamani msafiri huyo aliona mashamba ya kahawa kila upande. Ruiru ndipo penye kituo cha utafiti wa kahawa, na aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, waliyopewa wakulima mwaka 1985 kwa kuwa yastahimili ugonjwa wa matunda na kutu ya majani, imebeba jina la mji huo duniani. Mbele zaidi ni Thika, mji wa viwanda na mananasi, ambapo maporomoko ya mito ya Chania na Thika hunguruma karibu karibu. Siku hizi sehemu kubwa ya mashamba imegeuka kuwa viwanja vya nyumba. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wapatao 490,000 katika mji wa Ruiru peke yake. Mahali palipokuwa na shamba moja na mwenyewe mmoja, leo pana viwanja mia na majirani mia. Mipaka imeongezeka, na maswali ya mipaka yameongezeka pamoja nayo.

Asili ya kayaba ni kusini mwa Afrika. Jina lake limetoka katika mto Kei wa Afrika Kusini. Waingereza waliliita tunda lake tofaa la Kei, nasi tukalilainisha jina hilo katika ndimi zetu mpaka likawa kayaba. Ni mti mgumu: hustahimili ukame, na miiba yake ni mirefu kuliko kidole cha mtoto. Hupandwa kwa miche iliyooteshwa kutokana na mbegu. Mkulima huchimba mtaro mwanzoni mwa mvua za masika, mwezi Machi au Aprili, akachanganya udongo wetu mwekundu na samadi, akapanda miche kwa kamba ili mstari unyooke. Miche ikikaribiana, ua hufunga mapema. Ikiachana sana, panabaki matundu ambayo mbuzi huyajua kabla ya mwenye nyumba.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ni kupogoa, na hapa wengi hukosea. Wa kwanza hukosea kwa kuuacha mti mchanga ukimbilie juu, akidhani urefu ndio nguvu. Kumbe mti usiokatwa ncha utotoni hautoi matawi chini, na ua wake huwa mrefu kichwani na mtupu miguuni. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na kayaba ni vivyo hivyo. Wa pili hukosea kwa kuupogoa ukawa mpana juu na mwembamba chini. Majani ya juu huyanyima ya chini mwanga wa jua, na ya chini hufa. Mpogoaji hodari huufanya ua uwe mwembamba juu na mpana chini, ili kila jani lipate sehemu yake ya jua. Wa tatu hukosea kwa kukata kupita kiasi. Kila tawi linalochungulia hulifyeka, kisha hushangaa kwa nini ua wake hauna tunda hata moja.

Tena kayaba una siri nyingine. Iko miti dume na iko miti jike, na kwa kawaida mti jike huhitaji dume karibu nao ili uzae vema. Jambo kama hili halipatikani kwa kayaba peke yake. Katika bustani za Ulaya, Asia na Amerika kuna jamii ya vichaka iitwayo viburnamu, yenye aina zaidi ya 150, ipendwayo kwa maua yake meupe na matunda yake mekundu, meusi au ya buluu. Kila ua la kichaka hicho lina sehemu za kiume na za kike pamoja, lakini aina nyingi hazizai vizuri kwa chavua yao wenyewe. Mtunza bustani apandaye kichaka kimoja peke yake aweza kupata maua mengi na matunda haba, mpaka apande karibu kichaka kingine cha aina hiyo, chenye asili tofauti. Hivyo hata miti haitoshelezwi na nafsi yake. Huhitaji jirani, na jirani asiye nakala yake.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Ua hutembea. Usicheke, msomaji, maana nasema neno la kweli. Ua uliopandwa juu ya mpaka una pande mbili na wenyewe wawili, na kila mmoja hupogoa upande wake. Maadamu wote wawili wanafanya kazi, ua hukaa mahali pake. Lakini mmoja akikata kila mwezi na mwenziwe akaacha, ua hunenepa upande ulioachwa. Upande unaokatwa sana huchoka, mashina yake ya kale hukauka, ilhali upande wa pili matawi husonga mbele, matunda huanguka, mbegu huota, na miche mipya husimama mahali ambapo hapakuwa na mti. Baada ya miaka kumi na mitano, atazamaye ua hudhani anauona mpaka, kumbe mpaka umebaki nyuma na ua umekwenda zake.

Ua wangu ulitembea. Ulipandwa na baba yangu pamoja na jirani yake, nao wote wawili sasa ni marehemu. Walinyosha kamba pamoja, wakachimba mtaro pamoja, wakagawana miche. Jirani huyo alipofariki alimwacha mkewe, ambaye nasi humwita Nyanya, na watoto wake wakaenda kutafuta kazi mbali. Nyanya hakuwa na nguvu za kushika mkasi mkubwa wala fedha za kumlipa kibarua kila mwezi. Mimi niliporithi kiwanja nilikuwa na bidii. Kila Jumamosi nilipogoa upande wangu mpaka ukawa kama ukuta uliopigwa lipu, na wapita njia waliusifu. Mashina ya kale yalipokauka niliyang'oa, nikalima mahali pake, nikapanda sukuma wiki. Sikuwa na nia mbaya yoyote, na bustani yangu ilizidi kupanuka kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, hata kama mwenye kibaba hatazami.

Siku moja Nyanya akataka kumpa mjukuu wake sehemu ya kiwanja ajenge nyumba. Fundi akaja na kamba ya kupimia, akauliza mpaka uko wapi. Nyanya akajibu, “Muulize Mwalimu. Baba yake ndiye aliyepanda pamoja na marehemu, na Mwalimu anajua.” Fundi akanigeukia. Mimi nikaunyoshea kidole ua, katikati yake, nikasema, “Mpaka ndio huo.”

Neno hilo halikuwa na uongo ambao mtu mwingine angeweza kuuthibitisha. Ua ulikuwapo, na kila mtu aliuona. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nikijua mahali yalipokuwa mashina niliyoyang'oa. Kutoka hapo mpaka katikati ya ua wa leo ni futi 4, na urefu wa kiwanja ni futi 100. Nilifanya hesabu ambayo huwapa wanafunzi wangu: 4 mara 100 ni futi za mraba 400. Chumba cha futi 10 kwa 12 ni futi za mraba 120. Kidole changu kilikuwa kimechukua vyumba vitatu na ziada, kutoka kwa mtu aliyeniamini kuliko kamba ya fundi.

Nafsi yangu ilileta hoja tatu za kujitetea, nami naziandika hapa kwa kuwa ni hoja ambazo watu wote huzitumia, si katika ua tu.

Hoja ya kwanza yasema: aliyezembea ameyataka mwenyewe. Nyanya hakupogoa upande wake. Mimi nilipogoa wangu. Kwa nini bidii ilipe sawa na uvivu? Hoja hii ina sura ya haki, na sheria yaonekana kuiunga mkono, kwa maana Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 humtaka kila mwenye ardhi azitunze vema alama za mpaka wake, na nyua za miti zimo miongoni mwa alama hizo. Walakini sheria hiyo hiyo yakataza kuondoa au kuharibu alama ya mpaka bila idhini, nami nilikuwa nimeng'oa mashina. Tena, kutotimiza wajibu si sawa na kutoa zawadi. Mtu akisahau kufunga mlango wake amefanya kosa, lakini hakukupa vyombo vyake. Na zaidi ya yote, Nyanya hakuwa mvivu bali mzee. Ni desturi ya mwenye nguvu kumwita asiye na nguvu mzembe, ili asione haya anapokaa mahali pake.

Hoja ya pili yasema: sikukusudia. Hoja hii ni ya kweli, na si haki kuitupa. Miaka yote niliyopogoa sikuwa mwizi, kwa kuwa wizi wahitaji kujua na kutaka. Lakini hapa yatupasa kutenganisha vitu viwili ambavyo aghalabu huchanganywa, yaani kosa na deni. Aliyepata kitu cha mwenzake bila kukusudia hana kosa, lakini ana deni. Mwenye duka akikupa chenji zaidi kwa kukosea hesabu, wewe huna hatia hata kidogo mpaka uihesabu. Ukiisha kuihesabu ukanyamaza, kimya chako kimekuwa mkono. Kutokusudia kwangu kulinilinda mpaka fundi alipouliza, basi. Tangu saa ile nilikuwa najua, na kila dakika niliyonyamaza niliikusudia.

Hoja ya tatu ndiyo hatari kuliko zote, nayo yasema: hakuna ajuaye. Ramani za ardhi zetu nyingi huonyesha mipaka kwa makadirio tu, isipokuwa pale ambapo mpaka umepimwa kamili na kuandikwa hivyo. Wafu hawatoi ushahidi, na mashina yalikwisha kuwa kuni. Lakini tukubali hoja hii, tumebakiwa na nini? Tumebakiwa na ulimwengu ambao haki ndani yake hufa pamoja na shahidi wa mwisho. Na katika jambo hili shahidi wa mwisho nilikuwa mimi. Mahali penye mashahidi wengi ukweli wa mtu mmoja ni msaada, na mahali penye shahidi mmoja ukweli wake ndio haki yote iliyobaki.

Wakazi wa nchi hii waliyajua haya kabla yetu. Wakikuyu wa zamani waliweka mipaka ya mashamba kwa miti na kwa yungiyungi waliloliita itoka, nao walilipanda mbele ya wazee na mashahidi. Jomo Kenyatta ameieleza desturi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya. Yungiyungi si kizuizi. Mbuzi huliruka na mtoto hulivuka. Nguvu yake haikuwa katika miiba, bali katika watu walioliona likipandwa na katika hofu ya kulaaniwa kwa kulisogeza. Baadaye, katika miaka ya 1950, mashamba ya mkoa wa Kati yalipokuwa yakiunganishwa na kuandikishwa, nyua zilipandwa mipakani ili mistari yake ionekane katika picha zilizopigwa kutoka ndegeni, na ramani zikachorwa kutokana na picha hizo. Lakini ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na wengi walikuwa vizuizini mipaka ilipokuwa ikikatwa. Wako waliorudi wakakuta watu waliokuwapo wamefaidika kwa kutokuwapo kwao. Ua ulionekana vizuri kutoka angani, ila picha haikuonyesha ni nani hakuwapo siku ulipopandwa.

Asubuhi ilipokucha nilikwenda kwa Nyanya kabla fundi hajaanza kuchimba msingi. Nilipiga hodi, nikamwamkia, nikamwambia, “Nyanya, jana nilikosea. Ua umetembea.” Nilimwonyesha mahali pa mashina, na tukafukua udongo kidogo tukakuta mizizi ya kale ikiwa bado imo ardhini, imenyooka mstari kama ilivyopandwa kwa kamba. Hakunisifu. Alitazama mizizi kwa muda, akasema, “Mimi nilijua, mwanangu. Nilikuwa nangoja kuona kama nawe wajua.” Maneno hayo yaliniumiza kuliko lawama yoyote. Nilidhani mimi ndiye shahidi wa mwisho, kumbe alikuwapo mwingine, naye alikuwa ameniachia mlango wazi niingie mwenyewe.

Wengine husema dawa ya haya yote ni ukuta wa mawe, kwa kuwa ukuta hautembei. Ni kweli, na simlaumu ajengaye ukuta, hasa mahali penye wezi. Lakini ukuta hutuondolea kazi, hautuongezei uaminifu. Ukuta waweza kusimama miaka hamsini bila wenyewe wawili kujuliana hali. Ua wa miti hai wakataa jambo hilo. Huwataka wawili wakutane mara kwa mara, mmoja upande huu na mmoja upande ule, waulizane urefu, waazimane mkasi, wagawane matunda. Na mmoja akichoka, wamtaka mwingine avuke akamkatie upande wake. Hapo ndipo nilipokosea mwanzo kabisa, kabla ya kidole na kabla ya mashina. Kwa miaka mingi niliusifu upande wangu, nisivuke hata Jumamosi moja kumpogolea mzee upande wake. Kazi hiyo ingenigharimu saa mbili kwa mwezi, na ua usingetembea. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Faida iliyotokana na udhaifu wa jirani si halali yetu kwa sababu tu imekuja yenyewe. Isipojulikana haina hatia. Ikijulikana ni deni, na ikifichwa baada ya kujulikana ni wizi. Na lililo bora kuliko kurudisha ni kuangalia mapema upande ambao si wetu.

Ninyi vijana hamna viwanja bado, lakini mna mipaka. Mwenzako aliyekuwa mgonjwa siku ya kugawana vitabu, na ambaye fungu lake limeongezwa kwenye fungu lako. Zamu ya kufagia darasa aliyoisahau mwingine, ukapewa yeye adhabu na wewe sifa. Alama mwalimu aliyokuongezea kwa kukosea kujumlisha: hizo ni nyua zilizotembea. Hakuna atakayezipima isipokuwa ninyi.

Mwaka ule mvua za masika zilipoanza, mjukuu wa Nyanya nami tulinyosha kamba juu ya mizizi ya kale, tukachimba mtaro, tukapanda miche mipya. Baadhi ya mikayaba ya zamani iliyokuwa upande wao tuliiacha ikue huru, kwa kuwa ni mijike, nayo huzaa sana. Sasa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi huanza kupogoa upande wao, kisha wangu.